Mwacheni Daudi Alie

Bwana Yesu asifiwe! Wazee wa kanisa, akina baba, akina mama na vijana, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya mzazi Mkristo aliyefiwa na mtoto wa kiume. Nami ni mmoja wao, kwa hiyo mtanisikiliza kama mfiwa, si kama mwalimu.

Tufungue 2 Samweli 18, mstari wa 33. Vita vimekwisha na Absalomu, mwana wa Mfalme Daudi, ameuawa. Kijana huyu alimwasi baba yake hadi mzee akakimbia Yerusalemu. Lakini Daudi alipopata habari, ushindi haukumhusu tena. Alipanda chumba kilichokuwa juu ya lango, analia huku anatembea: "Laiti ningekufa badala yako wewe!" Wengi wetu tumeiomba sala hiyo kwenye korido ya hospitali, kabla daktari hajatoka.

Sura ya 19, Yoabu, jemadari wa jeshi la Daudi, anaingia. Anamwambia mfalme kwamba amewaaibisha watumishi wake, na asipotoka nje hatabaki na mtu usiku ule. Kiutawala ana hoja. Lakini kumbukeni ni nani anayesema: ni yule yule aliyemchoma Absalomu akiwa amening'inia kwenye mwaloni. Tena katika Mwanzo 37, Yakobo anapomlilia Yosefu, wanaokuja kumtuliza ni pamoja na wanawe wale wale waliomuuza. Yakobo akakataa kutulizwa. Mimi nikizisoma habari hizi mbili naona kwamba mara nyingine anayeharakisha kukunyamazisha anatafuta nafuu yake mwenyewe.

Kwetu Yoabu huja na mstari wa Biblia. Jeneza halijashuka kaburini, ameshasema, "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Anaongeza, "Mshukuru Mungu amekuachia wengine." Mume wangu aliambiwa, "Jikaze, wewe ni mwanaume." Akajikaza, na kujikaza huko kulimuumiza vibaya. Ndugu zangu, maneno ya Ayubu 1:21 ni matakatifu, lakini aliyeyatamka ni mfiwa mwenyewe. Rafiki zake hawakumsemea. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kunena neno, na makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Wengine watasema Paulo amekataza kuhuzunika. Someni tena 1 Wathesalonike 4:13. Anasema tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Matumaini ya ufufuo ninayo, na ndiyo yaliyonisimamisha pale makaburini. Lakini jioni nikisonga ugali, mkono wangu bado ulipima unga wa kumtosha na yeye.

Julai 1969, Nelson Mandela, aliyebatizwa na kulelewa Mmethodisti, alikuwa mfungwa Robben Island. Akapewa telegramu: mwanawe wa kwanza, Thembi, kijana wa miaka 24, amekufa kwa ajali ya gari. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na mama yake, akanyimwa ruhusa ya kwenda kumzika. Safari hii pia akanyimwa. Akarudi chumbani kwake akalala. Walter Sisulu, mfungwa mwenzake, akaja, akapiga magoti kando ya kitanda, akapokea ile telegramu, akamshika mkono. Hakusema kitu. Mandela alikuja kulisimulia hilo baada ya miaka mingi, na sidhani angelikumbuka hivyo kama Sisulu angehubiri.

Januari 2005 alifiwa na mwanawe mwingine, Makgatho. Mzee yule aliwaita waandishi wa habari nyumbani kwake Johannesburg, akasema wazi kwamba ni UKIMWI. Miaka ile familia nyingi, zetu za kanisani zikiwemo, zilikuwa zikisema "kifua" au "malaria". Mzazi anayelazimishwa kuficha kilichomuua mwanawe hapewi nafasi ya kulia akamaliza.

Halafu kuna hili la majina. Mwana akiitwa Baraka, mtaa mzima humwita mama yake Mama Baraka. Baraka akifa, watu wanaanza kukwepa. Ghafla unakuwa "dada", au unaitwa kwa jina la mdogo wake. Wanadhani wanakuhurumia. Turubai lilipokwisha kushushwa na viti kurudishwa, hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: sikusikia tena mtu akilitaja jina la mwanangu. Tafadhalini, endeleeni kutuita kwa majina ya watoto wetu. Njooni mwezi wa tatu, mwezi wa sita, wakati hakuna tena anayeleta rambirambi. Mtuulize alipenda chakula gani, alikuwa anashabikia timu gani. Tukilia, msiogope wala msitafute mstari wa kutunyamazishia.

Kabla ya maombi, ninawaomba wazazi waliozika mtoto wasimame, kila mmoja ataje jina la mwanawe. Asiyeweza kusimama atalitaja akiwa amekaa. Mzee wa kanisa atapitisha kipaza sauti, na aanzie upande wa akina baba.