Wanadiplomasia wa Mtandao Hutoka Fani Zipi?

Waheshimiwa, walimu, na ninyi vijana mnaojiandaa kuingia utumishi wa serikali, habari za asubuhi.

Wanafunzi huuliza: nisome nini ili siku moja niiwakilishe nchi yangu kwenye mazungumzo ya usalama wa mtandao? Ukweli ni kwamba hakuna shahada moja inayotosha. Tazameni waliotangulia. Christopher Painter, aliyekuwa mratibu wa kwanza wa masuala ya mtandao katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani mwaka 2011, alikuwa mwendesha mashtaka wa uhalifu wa kompyuta. Casper Klynge, aliyeteuliwa na Denmark mwaka 2017 kuwa balozi wa teknolojia, alikuwa mwanadiplomasia tangu zamani. Tobias Feakin, aliyekuwa balozi wa masuala ya mtandao wa Australia, alitokea kwenye utafiti wa sera za usalama. Kenya nayo ilimpeleka Umoja wa Mataifa Katherine Getao, mtaalamu wa kompyuta aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kila fani kati ya hizo ina mambo isiyoyaona. Chukueni tukio moja, la mfano tu. Hospitali ya nchi fulani ya Ulaya imeshambuliwa, na njia ya shambulio inaishia kwenye anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, iliyoko Tanzania. Kanuni 11 za mwaka 2015 kuhusu mwenendo wa nchi mtandaoni, zilizomo katika ripoti ya kundi la wataalamu wa serikali chini ya Umoja wa Mataifa, zinazitaka nchi zijibu maombi ya msaada pale miundombinu muhimu ya mwenzao inaposhambuliwa. Tangu Mei 2024 iko pia orodha ya mawasiliano ya dunia, ambamo nchi huandikisha mtu wa kidiplomasia na mtu wa kiufundi.

Sasa nchi hizo mbili zianze kuandikiana barua, na mwanadiplomasia wetu aeleze muda kama tunavyousema nyumbani: saa 3 usiku. Hapo kosa limeshaingia. Kwetu hiyo ni 21:00, yaani 18:00 kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, lakini msomaji wa Ulaya anaweza kuielewa kuwa 03:00, na akapekua kumbukumbu za mitambo, yaani rekodi za nani aliunganishwa lini, za saa nyingine kabisa. Andikeni tarehe kamili, na saa kwa mfumo wa saa 24, kwa UTC, hadi sekunde. Hata hapo bado. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP kwa wakati mmoja. Ombi lisipotaja namba ya poti ya chanzo, yaani namba inayotenganisha miunganisho ya wateja hao, mtoa huduma atabaki na orodha ndefu ya wateja, na hatamjua mhusika. Kisha kumbukumbu hizo hufutwa baada ya muda. Kwa hiyo ombi la kuhifadhi data hutangulia siku ileile. Ombi la kukabidhiwa hufuata baadaye kwa njia ya kisheria, ambayo ni ndefu zaidi.

Mambo hayo mhandisi anayajua bila kuulizwa. Lakini nchi iliyoshambuliwa ikimwachia mhandisi wake barua yote, ataandika kwamba nchi yenu imetushambulia, kwa sababu anwani ndiyo ushahidi alio nao mkononi. Ripoti hiyohiyo ya 2015 inasema kuwa shambulio kuonekana limetokea katika ardhi ya nchi huenda kusitoshe peke yake kuihusisha serikali yake nalo. Mwanadiplomasia ataandika kwamba tunaomba ushirikiano wenu, na mlango utabaki wazi. Mwanasheria ndiye atakayeuliza kama data iliyopatikana hivyo itakubalika mahakamani. Barua nzuri huwa imepita mikono yote mitatu kabla ya kutumwa.

Kwa hiyo, ninyi mnaosoma sheria, jifunzeni kusoma kumbukumbu za seva. Ninyi wahandisi, someni ripoti ya 2015 aya kwa aya, pamoja na Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data binafsi, ambao ulipitishwa mwaka 2014 na kuanza kutumika Juni 2023 tu. Miaka tisa hiyo inawapa picha ya kasi ya kazi hii.

Julai 2025 nchi zilikubaliana kwenye Umoja wa Mataifa, New York, kuwa na chombo cha kudumu cha mazungumzo haya, chenye vikao vya wote na vikundi vya mada maalumu. Wizara zetu zisipeleke mwanadiplomasia peke yake kwenye vikundi hivyo. Aambatane na mtu wa TZ-CERT au KE-CIRT, timu za Tanzania na Kenya za kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, na huyo mtu wa kiufundi apewe nafasi ya kuzungumza, asiishie kukaa kiti cha nyuma.