Jiwe Lisilo na Majina: Kutafiti kwa Nyaraka za Kumbukumbu za Vita

Wanafunzi, walimu wenzangu, na ninyi wazee mliokubali kuketi nasi hapa Kisumu, hamjambo.

Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, wamesimama askari na mpagazi wa shaba. Maandishi ya chini yanaahidi kwamba ukiifia nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lenyewe halipo, hata moja.

Kwa hiyo, anayemtafuta babu aliyechukuliwa Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, asirudi, asiishie kwenye jiwe. Aombe mafaili.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917, ina rejista za majina. Kwa Vita vya Pili vya Dunia zinasaidia sana. Meli ya Khedive Ismail ilipozamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki walikufa maji, na majina yao yameandikwa kwenye mnara ulioko makaburi ya vita ya Nairobi. Kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza, rejista ziko kimya. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ukimya huo nao una karatasi zake: barua za maofisa waliojadili nani astahili kaburi lenye jina na nani asistahili. Naumia nikiona tasnifu inanakili idadi ya waliokufa kisha inaziruka barua hizo. Humo ndimo utakapoona watu walivyofutwa, na kwa hoja gani.

Kisha rudini nyumbani. John Ainsworth, ofisa wa kikoloni wa Kiingereza, aliitawala Nyanza miaka mingi akiwa hapa hapa Kisumu, na mwaka 1917 akapewa kazi ya kukusanya wapagazi. Someni ripoti za wilaya za miaka ile katika Nyaraka za Taifa. Tazameni vijana waliotolewa, kodi ya vibanda, na mishahara ya marehemu ambayo haikuwafikia jamaa zao.

Mkienda kwa wazee, ulizeni pia ukoo wa huyo babu na chifu aliyemtoa, maana watu walikusanywa kupitia machifu. Na jina liandikeni kwa kila namna linavyotamkwa, kwa kuwa karani aliandika alivyosikia.