Jinsi ya kumlaza nyoka baridi ili msimu ukifika apandane

Haya wakuu, karibuni tena. Hawa mnaowaona ni nyoka wa mahindi wa Marekani, dume na jike, na watu wengi mnaniuliza mbona wa kwenu hawapandani, jibu mara nyingi ni baridi hamjawapa. Na muelewe kitu, hawapandani wakiwa wamelala, baridi inawaandaa tu, kazi yenyewe ni wakiamka.

Kabla ya yote mpime kwenye mizani, jike akiwa chini ya gramu 300 au amekonda muache, mwaka mwingine upo. Na kama unafuga chatu wale wadogo wanaojikunja kama mpira hii video sio yenu, mtawaua kwa ugonjwa wa mapafu.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu. Acha kumlisha wiki mbili nzima lakini joto liache vilevile, usiguse, mpaka tumbo liwe tupu kabisa, maana nyoka bila joto hasagi chakula, ukimpoza na panya tumboni yule panya anaoza humohumo na nyoka anakufa nae.

Tumbo likishakuwa tupu anza kushusha nyuzi mbili tatu kila baada ya siku kadhaa, mi nalenga 12, ila kati ya 10 na 15 uko sawa. Boksi la giza, matundu, maji safi muda wote, kipimajoto kiwe ndani ya boksi sio ukutani jamani! Hapo miezi miwili mitatu. Hajalala fofofo, ataamka anywe maji, we chungulia kila wiki, ukiona mapovu puani au uzito unashuka sana mrudishe kwenye joto taratibu.

Kule Narcisse, Manitoba, Kanada, wapo nyoka wa mistari wanalala maelfu kwenye mashimo ya mawe, majira ya kuchipua madume yanatangulia kutoka yanasubiri mlangoni, jike akichomoza tu yanamzonga mpaka inakuwa kama mpira wa kamba. Kinachowavuta ni harufu ya ngozi yake.

Ndo maana na wewe baridi ikiisha na ukishawapasha joto tena usikimbilie kuwaunganisha, mlishe jike, subiri ajivue gamba, hapo harufu imekolea, alafu muweke kwenye boksi la dume. Dume akianza kutetemeka na kurukaruka juu ya mgongo wa jike usishtuke ukawatenganisha, zima taa toka chumbani.