Nitwike, Nitue: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Tafsiri, Dodoma

Wanafunzi wangu, walimu wenzangu, karibuni. Hapa Dodoma thamani ya maji tunaijua, basi nianze na ndoo.

Leo alfajiri, bombani, jirani yangu alikunja kanga akafanya ngata, akaniambia, "Mwalimu, nitwike." Nikainua ndoo ya lita 20, nikamtwika. Akifika kwake atamwita mwanawe: "Nitue!" Safari yote ya katikati Kiingereza kinaimaliza kwa carry, lakini nitwike na nitue hakina neno lake, kinabidi kieleze. Ndiyo maana kauli ya "kumtua mama ndoo kichwani", tunayoisikia kila mradi wa maji unapozinduliwa, inanishinda kuitafsiri. Ndoo inashuka, sawa, ila ule mkono wa mtu wa pili unapotea.

Carry lilitoka Kifaransa cha Wanormani, na asili yake ni mkokoteni, carrus ya Kilatini. Ni neno la uchukuzi, halijali mzigo umekaa wapi mwilini. Sisi tunajali. Niliwahi kutafsiri kipeperushi cha kliniki, nikaandika "mama ambebe mtoto". Nesi alikisoma, akaweka kidole pale pale: "Mwalimu, amweleke au ampakate? Huyu ana siku tano, shingo haijakaza. Haelekwi." Nilifuta papo hapo. Mpaka leo nikiliona carry kwenye matini, swali langu la kwanza ni hilo: mgongoni, mapajani, begani au kichwani?

Kuna bear pia, neno la Kiingereza cha kale. Hilo ni kubeba, ni kuvumilia, ni kuzaa. Na burden, mzigo, ni ndugu yake wa damu. Tazameni sasa kwetu, kwa shina moja tulilopokea kutoka Kiarabu: himili, stahimili, hamali anayeshusha magunia sokoni, na himila, yaani mimba. Lugha mbili zisizo na undugu zimeuona mzigo, uvumilivu na uzazi kuwa kitu kimoja. Mimi jambo hili hunigusa sana.

Na msiliache pagaa. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilikatiza hapa Ugogo, ikatozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na waliopagaa mizigo wakaitwa wapagazi. Aliyepandwa na pepo naye tunasema amepagawa. Mpagazi hufika kambini akatua, huyu mzigo wake hauonekani, na hajui amwambie nani, "Nitue."