Namna ya kutafuta gare (vituo vya treni) zilizopotea, reli ya Lubumbashi–Sakania

Jambo yenu, wandugu. Nyuma yangu mnaona nini? Mahindi, miembe mitatu, basi. Sasa sikilizeni: papa huyu, mzee wa hapa, anachoma fimbo ardhini... kok! Kokoto. Hapa treni zilikuwa zinasimama. Leo nawaonyesha namna ya kufika mahali kama hapa, bila kuzunguka siku tatu kama mimi.

Kwanza muelewe kwa nini kulikuwa na gare porini. Reli yetu ilitoka kusini, ikafika Sakania mwishoni mwa 1909, na mwaka 1910 ikaingia Lubumbashi, wakati ule Élisabethville. Njia ni moja tu, upana milimita 1067. Treni mbili zikikutana, moja lazima ikae pembeni ingoje. Tena kichwa cha mvuke kina kiu: bila maji hakifiki mbali. Ndiyo maana vituo viliwekwa hata pasipo na abiria. Mvuke ulipokwisha, vingi vikabaki bila kazi.

Haya, hatua ya kwanza: ramani ya zamani. Andikeni majina ya vituo vyote kwa mpangilio, na kilomita zake kama zipo. Muangalie maandishi: Wabelgiji waliandika «tsh» pale ambapo ramani za Waingereza zinaandika «ch», kwa hiyo Tshinsenda na Chinsenda ni mahali pamoja. Na kituo kikiwa na jina la mto, furahini, maana mto hauhami. Lubumbashi yenyewe ni jina la mto.

Hatua ya pili ni kupima, na hapa ndipo nilipoharibu. Kutoka mpakani mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 255 za reli. Mimi nilifungua Google Earth, nikapiga mstari ulionyooka kutoka kituo kinachojulikana, nikahesabu kilomita zangu, nikaenda. Nikatembea kutwa nzima kwenye muhogo wa watu! Reli inapinda, inakwepa mabonde. Kilomita zake si za ndege. Chukueni kile chombo cha kupima njia, mbofye kona kwa kona juu ya reli yenyewe. Inachosha, lakini kuliko kutembea bure...

Hatua ya tatu, tazameni kutoka juu. Mbali na picha za leo kuna zile za Corona, satelaiti za ujasusi za Marekani zilizopiga picha kati ya 1960 na 1972. Zilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1995, nanyi mnazitafuta kwenye EarthExplorer, tovuti ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani. Kama ya eneo lenu ipo, na mawingu hayakuifunika, iwekeni pembeni ya picha ya leo.

Sasa, mtafute nini humo? Si nyumba! Nyumba ndiyo inayoondoka mwanzo: mabati, mbao, matofali, yote yanahamia kijijini. Tafuteni upana. Njia ya kupishania ilibidi imeze treni nzima, kwa hiyo ardhi ilisawazishwa mamia ya mita. Gare yenyewe pengine vyumba viwili. Angalieni hapa kwenye skrini: reli nyembamba, nyembamba, halafu inavimba, halafu nyembamba tena. Nyoka aliyemeza panya. Panya ndiye gare.

Hatua ya nne ni miguu. Salimieni chefu wa kijiji kwanza, mseme mnatafuta nini. Mtu anayechokora udongo kando ya reli anadhaniwa mwizi wa vyuma, na kwa haki. Treni za SNCC, shirika la reli la Congo, bado zinapita kwenye njia hii: msitembee katikati ya reli, na kabla ya kupiga picha za daraja au gare inayofanya kazi, ombeni ruhusa.

Kwa wazee, msiulize «gare ilikuwa wapi?» Niliuliza hivyo, wakanionyesha gare ya mjini. Ulizeni: «Treni ilikuwa inakunywa maji wapi?» Papa wangu huyu alicheka, akasimama, akatangulia.

Mkifika, msidanganywe na vichuguu. Katanga yetu imejaa vichuguu virefu kuliko nyumba, na kilichobomoka kinafanana sana na tuta. Tuta la reli linanyooka na lina kokoto. Kichuguu ni udongo mtupu. Weusi ardhini nao una mitego, sababu watu wanachoma makala, mkaa wa kupikia, kila mahali. Leteni kamera karibu. Hiki cha mkono wa kushoto ni kipande cha makala: nakibana, kinakuwa unga, vidole vyeusi. Hiki cha kulia ni mabaki ya makaa ya mawe yaliyomwagwa kutoka kwenye tanuri la kichwa cha treni. Kigumu, chepesi, vitundu kama mkate. Nimeviokota vingi sehemu moja, kando kabisa ya tuta. Hapo kichwa kilisimama kikasafishwa.

Mwisho, wekeni alama kwenye simu, mpige picha kuelekea pande zote nne, muandike jina kwa tahajia zote mlizozikuta, pamoja na vile wazee wanavyolitamka. Vyuma muviache palepale.

Subirini, papa anatuita. Anasema msingi wa tangi uko ng'ambo ya kale kamto. Vueni viatu, twende.