Ubongo Unapoanza Kuumbwa: Seli Shina na Mahindi Yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa sayansi na wazee wetu mliofika, kamwene.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya watafiti wa vyuo vikuu wanaotumia seli shina, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi ya kufanya mwilini, kuchunguza namna ubongo wa binadamu unavyoumbwa. Kazi hiyo hufanyika mbali na hapa, Vienna, Cambridge, Kyoto na katika miji kadhaa ya Marekani, na magazeti huiandika mara kama muujiza, mara kama kufuru. Mimi nitaieleza kama kazi, yenye vyombo vyake, mipaka yake na ratiba yake ya kuchosha. Kisha nitawaomba tuitazame tukiwa hapa hapa Iringa, kwa kuwa naona limo swali ndani ya maghala yetu ya mahindi ambalo mbinu hii inaweza kusaidia kulijibu, na ambalo sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kuliuliza kuliko hao wenye maabara.

Tuanze na muda. Katika wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, tabaka la seli lililo mgongoni mwa kiinitete hunenepa, hujikunja likawa mfereji, kisha kingo zake mbili hukutana na kuungana, ukapatikana mrija wa neva. Sehemu ya mbele ya mrija huo ndiyo itakayokuwa ubongo, na iliyobaki itakuwa neva kuu ipitayo ndani ya uti wa mgongo. Yote hayo huwa yamekamilika ifikapo siku ya 28 hivi. Mrija ukishindwa kuziba kwa chini, mtoto huzaliwa na hali tunayoiita mgongo wazi. Ukishindwa kuziba upande wa kichwa, ubongo na fuvu havikamiliki, na mtoto hawezi kuishi. Sasa, siku ya 28 ni siku ambayo mama ama ndiyo kwanza anaona siku zake zimepita, ama hajatambua lolote. Wajawazito wengi nchini huanza kliniki baada ya mwezi wa tatu, na foliki asidi wanayopewa hapo, vitamini inayousaidia mrija huo kuziba, ingawa ina faida yake katika kuongeza damu, kwa upande wa mrija wa neva hukuta kazi imeshakwisha.

Hakuna awezaye kuchungulia tukio hilo tumboni mwa mama. Kwa miaka mingi wanasayansi walitegemea viinitete vya kuku na panya, na mengi tuliyofundishwa yalitoka huko, lakini ubongo wa panya hauna mikunjo kama wetu na seli zake hukomaa upesi mno. Njia ilifunguka kwa hatua. Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifaulu kukuza seli shina zilizotoka katika viinitete vya binadamu, jambo lililozua ubishi mkubwa wa kimaadili. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Kyoto wakaonyesha kwamba seli ya kawaida ya ngozi ya panya, ikiingiziwa jeni nne, hurudi katika hali ya awali ambamo bado haijachagua kazi ya kufanya. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za binadamu. Yamanaka alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon, ambaye utafiti wake juu ya vyura mwaka 1962 ndio uliotangulia kudokeza kuwa kurudi nyuma huko kunawezekana. Tangu hapo si lazima kugusa kiinitete: kipande kidogo cha ngozi au damu kidogo ya mtu mzima inatosha.

Hatua inayotuhusu leo ni ya mwaka 2013, pale Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich, wakiwa Vienna, walipochapisha namna ya kuzikuza seli hizo zikawa madonge ya tishu ya ubongo yanayoitwa oganoidi. Seli elfu chache huwekwa katika kishimo cha sahani ya plastiki, nazo hushikamana zikawa donge. Donge hupewa lishe inayozielekeza seli kwenye njia ya neva, hutumbukizwa katika tone la ute wa protini, kisha huhamishiwa katika chombo kinachozungusha kimiminika polepole ili oksijeni ifike ndani. Baada ya miezi miwili hivi donge hufikia milimita 4. Likikatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi, chini ya hadubini huonekana vitundu vyenye majimaji, seli shina zikigawanyika kandokando yake, na seli changa za neva zikihama kuelekea nje na kujipanga kwa namna inayokaribia ile ya kijusi. Hakuna mtu aliyezipangia nafasi. Maelekezo yamo ndani ya seli zenyewe, na kwangu hilo linashangaza kuliko tuzo zote nilizozitaja.

Kazi yenyewe ya kila siku haina makuu. Lishe ya seli ni kimiminika cha rangi ya waridi. Seli zinapokula na kutoa taka, asidi huongezeka na rangi hugeuka kuwa ya njano. Mwanafunzi anayefungua asubuhi inkubeta, kabati la kutunzia seli lenye nyuzijoto 37, hutazama rangi kabla ya kitu kingine chochote, kwa maana akikuta njano amechelewa. Hunyonya kimiminika cha zamani kwa pipeti taratibu, akichunga asije akalivuta na donge, kisha huongeza kipya, na hufanya hivyo Jumapili na sikukuu kwa miezi. Ukungu kidogo ukiingia, yote humwagwa. (Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kikwazo chetu ni akili, kikwazo ni umeme usiokatika, na kemikali zinazoagizwa zikiwa zimegandishwa.)

Kazi hiyo imezaa nini? Lancaster na wenzake walichukua seli za ngozi za mgonjwa mwenye kichwa kidogo kilichotokana na hitilafu katika jeni iitwayo CDK5RAP2, wakakuza oganoidi, zikatoka ndogo. Sababu ilionekana: seli shina ziliharakisha kugeuka kuwa seli za neva kabla hazijaongezeka vya kutosha, akiba ikaisha mapema. Kisha kikaja kirusi cha Zika, kilichotambuliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, ambacho kwa miongo kadhaa kilihesabiwa kuwa ni homa ndogo tu, mpaka mwaka 2015 Brazil ilipoanza kuona watoto wengi wakizaliwa na vichwa vidogo. Mwaka 2016 maabara kadhaa, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, zilionyesha kwamba kirusi hicho hushambulia hasa zile seli shina za ubongo. Kirusi cha kwetu, kilichopewa jina la msitu wetu wa Afrika Mashariki, kilielezwa na oganoidi za ng'ambo baada ya kuumiza watu wa ng'ambo.

Mipaka nayo lazima isemwe. Oganoidi ya kawaida haina mishipa ya damu, hivyo likishakua kiasi hicho, katikati ya donge hufa. Haina kondo, haina macho wala masikio ya kuilisha habari, na umri wake unalingana na ubongo wa kijusi, si wa mtoto anayekwenda shule. Anayetembelea kitalu cha miche Mufindi hujifunza mbegu inavyoota. Hawezi kudai kuwa ameuona msitu wa Sao Hill. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa maabara fulani imetengeneza ubongo unaofikiri, muulize kwanza damu yake inapita wapi.

Lakini kwa swali la mwanzo wa mimba, udogo huo si kasoro. Na hapa naingia kwenye mahindi.

Mwaka 1988 watafiti wa Afrika Kusini walitambua sumukuvu iitwayo fumonisini, inayotolewa na ukungu aina ya Fusarium unaoingia katika hindi likiwa bado shambani, hasa lililotobolewa na viwavi. Mwaka 1990 na 1991, katika wilaya ya Cameron, Texas, mpakani na Meksiko, walizaliwa watoto wengi kupita kawaida wenye kasoro za mrija wa neva, katika jamii ambayo chakula chake kikuu ni chapati za mahindi, na fumonisini ikawa mshukiwa. Majaribio ya panya yaliyofuata yalionyesha njia: sumu hiyo huvuruga mafuta yaliyo katika utando wa seli, na vipokezi vinavyoingiza foliki ndani ya seli hukosa mahali pa kukaa sawasawa. Panya waliopewa foliki asidi ya ziada walipata kasoro chache zaidi. Watafiti wa Kitanzania nao wameikuta fumonisini katika mahindi ya kawaida ya wakulima.

Tazameni sasa mtego ulivyo. Tukila dona, tunabaki na foliki iliyomo katika kiini na ganda, lakini fumonisini nayo hukaa zaidi huko nje ya punje. Tukikoboa tukala sembe, tunapunguza sumu na tunatupa foliki. Afrika Kusini iliamua kuongeza foliki asidi katika unga wa mahindi na ngano tangu mwaka 2003, na kasoro za mrija wa neva zikapungua kwa takriban asilimia 30. Kanuni zetu nazo, tangu mwaka 2011, zinavitaka viwanda vikubwa kuongeza virutubishi, ila mama wa Kilolo au Makambako hupeleka debe lake kwenye mashine ya kijijini, na mashine hiyo haiongezi kitu. Kiasi gani cha fumonisini, pamoja na upungufu gani wa foliki, kinatosha kuuzuia mrija wa neva wa binadamu usizibe? Panya hawezi kutujibu kwa uhakika. Seli za binadamu zinaweza kutusogeza karibu, na mbinu za kuuona mrija huo ukijikunja ndani ya sahani zimekwisha kuchapishwa.

Zitumike seli za nani? Seli shina nyingi zilizomo katika benki za dunia zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, na jeni zinazosimamia matumizi ya foliki hutofautiana baina ya watu. Kwa hiyo ipo siku mtafiti atakuja hapa kuomba damu. Kilomita chache kutoka tulipo, Kalenga, limehifadhiwa fuvu lililorejeshwa mwaka 1954 kutoka makumbusho ya Bremen kuwa ni la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, fuvu lililokuwa limedaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Mkoa wenye historia hiyo una haki ya kuuliza maswali marefu kabla ya kutia saini.

Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili na isomwe kwa sauti, Kihehe kikihitajika kitumike. Imwambie mama kwamba seli zitakazotokana na damu yake hazitakwisha. Zinaweza kugandishwa, kuzidishwa na kupelekwa nchi nyingine akiwa hayupo duniani. Imwambie nani atakayekuwa na sauti juu ya seli hizo, na kama faida ikipatikana itagawanywaje. Binafsi naona nusu ya kila kundi la seli ibaki nchini, hata kama kwa sasa itakaa tu kwenye naitrojeni ya kimiminika bila mtu wa kuitumia. Najua baadhi ya wenzangu hawakubaliani na hilo, na nawaona hapo mbele wakishika kalamu. Nakaribisha maswali.