Kabla ya viwanja, nionyesheni udongo

Haya, wale mliowahi kunisikia mnajua naanza na udongo na pengine nitamalizia hapohapo. Kampuni ina msitu wake wa mbao, imeshavuna mara mbili tatu, mji umesogea na ardhi imepanda bei, basi inaita mchora ramani na yeye anaanza na barabara na viwanja. Maji hajayauliza yanapita wapi!

Chukueni The Woodlands, mji uliojengwa ndani ya msitu wa mbao huko Texas, Marekani, kama kilomita 45 kaskazini ya Houston. Mwaka 1964 George Mitchell, mtu wa mafuta na gesi, alinunua kampuni ya mbao ya Grogan-Cochran na ekari zake kama 50,000. Misonobari kwa wingi, ardhi tambarare, mvua ikinyesha maji yanasimama tu. Alipomwita Ian McHarg, msanifu wa mandhari, yeye na wenzake wakaanza kupima udongo: udongo wa mchanga unaonywa maji wakauacha wazi na miti yake, nyumba wakazisukumia kwenye udongo mzito ambao hata usipoujengea haunywi kitu. Na badala ya kufukia mabomba wakachimba mitaro ya wazi yenye nyasi kando ya barabara, wakaokoa zaidi ya dola milioni 14 kwa makadirio ya wakati ule.

Sasa najua kuna mtu hapo nyuma anasema mitaro ya wazi ni mbu na ushamba. Jamani, mbu anataka maji yaliyotuama siku nyingi, mtaro uliochongwa vizuri unakauka kabla hajakua! Mimi nimeingia kwenye mtaro pale Grogan's Mill, kijiji cha kwanza cha The Woodlands (ndivyo wanavyoita mitaa yao), asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, nyasi zimelala upande mmoja, sindano za misonobari zimejipanga mstari pale maji yalipoishia, nikatembea humo na soksi zangu kavu.

Halafu wanunuzi wa nyumba wakataka kingo za zege kama kwa wenzao, kampuni ikawasikiliza, na vijiji vilivyofuata vikarudi kwenye mabomba. Mwaka 1997 Mitchell akauza mradi wote. Mwaka 2017 tufani ya Harvey ikaja na huko huko The Woodlands nyumba zikaingia maji, zikiwemo za upande wa kijito cha Spring Creek. Sisemi zege ndiyo iliyoileta Harvey, mvua ile ingemshinda yeyote, nasema mtu alikuwa na dawa mkononi akaiweka chini kwa sababu jirani hanywi.

Nilitaka kuongelea bei pia, maana Mitchell alitaka na wa kipato kidogo wakae pale, serikali ikamdhamini mkopo wa dola milioni 50, na leo nendeni muulize bei ya nyumba. Hilo peke yake ni siku nzima. Na Wildlight, mji mpya wa kampuni ya mbao ya Rayonier kule kaskazini ya Florida, nao umejengwa kwenye ardhi ya mbao, sitaifikia, naonyeshwa saa. Wenye maswali ya Wildlight nipo hapo mlangoni, ila mje na ramani ya udongo, ile ya viwanja iacheni kwenye gari.